Kabla ya Moto, Nyasi

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo. Nchi nzima ifunge kazi, iende ikapande miti. Lengo lilikuwa limeshatangazwa mwaka uliotangulia: miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tukapanda. Picha za miche na majembe mapya zikajaa kwenye simu zetu, na kusema ukweli ilikuwa siku poa.

Lakini hakuna serikali ya Kenya, ya mkoloni wala ya kwetu, iliyowahi kutupa likizo twende tukaupunguze msitu. Yaani tukate matawi ya chini, tuokote kuni zilizokauka, tuswage ng'ombe wakale nyasi zilizozidi kimo. Ukisema hivyo mbele ya wasee wa Nairobi wanakutazama kama umeuza mlima. Rafiki yangu mmoja, mtu wa maana kabisa, aliniuliza, "Si muuache tu upumzike?"

Nimelibeba swali lake kwa muda. Jibu langu linatoka kwenye historia zaidi kuliko kwenye sayansi. Msitu ulio karibu na watu haujawahi kupumzika. Kwa karne nyingi ulikuwa na mikono ndani yake, ikiupunguza kidogo kidogo. Katika miaka mia moja na ushee iliyopita mikono hiyo ikatolewa, mara kwa sheria, mara kwa bunduki. Na kila moto unapozuka, mikono ileile ndiyo inayoitwa kuuzima.

Mlima unaoonekana kutoka Bulla Pesa

Wengi wenu mnaijua Isiolo kama mahali pa kunyoosha miguu kabla ya Marsabit na Moyale. Vumbi, ngamia, miraa, lami ndefu isiyoisha. Lakini simama Bulla Pesa alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, utazame kusini. Mlima Kenya uko pale, mkubwa kiasi kwamba mgeni hudhani ni wingu. Mto Isiolo unaotunywesha huanzia kwenye miteremko yake. Ewaso Nyiro, unaowanywesha watu na mifugo mpaka Merti na zaidi, hupata maji yake huko na kwenye milima ya Aberdare.

Kati yetu na mlima, upande wa kusini-magharibi, kuna msitu wa Ngare Ndare. Magharibi zaidi kuna vilima vya Mukogodo, kisha Lolldaiga. Hii si misitu ya kwenye kalenda, ile ya kijani kibichi inayodondosha maji mwaka mzima. Ni misitu mikavu. Miti yake mikubwa ni mwerezi, ambao kwa Kimaasai ni oltarakwai, na mzeituni wa mwituni, oloirien. Gome la mwerezi huchanikachanika kama kamba za katani. Ukitaka kuwasha moto asubuhi yenye umande, huanzii kwingine.

Kwa hiyo moto ukiwaka huko juu, sisi wa bondeni hatuuchukulii kama habari ya mazingira ya kusomwa kwenye gazeti. Ni habari ya mfereji. Mteremko uliopoteza mimea hauyashiki tena maji ya mvua. Huyaachilia yote kwa mpigo, yakaja na udongo, kisha mto unakauka mapema.

Chakula cha moto

Moto una tabia moja ambayo kila mtoto aliyetumwa kuwasha jiko la kuni anaijua: haurukii gogo. Huanza na jani kavu, ukapanda kwenye kijiti, kijiti kikawasha ukuni, ukuni ukawasha gogo. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tumezoea kuutumia msemo huo kusifu umoja, harambee na kadhalika. Lakini ukiusoma kama ulivyo, ni somo zima la moto wa msituni. Kinga kimoja peke yake huzimika. Vinahitajika viwili, vikaribiane.

Msituni ngazi ni hiyohiyo. Nyasi ndefu zilizokauka ndizo jani. Vichaka ndivyo vijiti. Matawi ya chini yaliyokufa bila kudondoka ndiyo ukuni. Ngazi ikikamilika, moto unapanda mpaka kwenye vilele, na ukifika huko hakuna mtu mwenye tawi bichi wala panga atakayeuzima. Ngazi ikikatwa, moto unabaki chini, unatambaa, na watu ishirini wanaweza kuumaliza kwa jioni moja. Kupunguza msitu maana yake ni hiyo tu: kung'oa vidato vya ngazi kabla moto haujapata sababu ya kupanda.

Sasa tazama miaka. Mwishoni mwa 2011, baada ya ukame mkali, mvua za vuli zilinyesha vizuri sana. Nyasi zikaota. Machi 2012 Mlima Kenya ukawaka na maelfu ya hekta zikateketea. Mvua za masika za 2018 zilikuwa kubwa mno, mafuriko mtayakumbuka, lakini za vuli zilizofuata zikawa haba. Februari na Machi 2019, mlima ukawaka tena. Mwisho wa 2019 mvua zikavunja rekodi, mito ikafurika, nzige wakaja. Vuli ya 2020 ikawa kavu. Tarehe 24 Machi 2021 vilima vya Lolldaiga vikashika moto wakati wanajeshi wa Uingereza wakifanya mazoezi huko, na zaidi ya ekari 10,000 zikaungua. Wakazi wakaenda mahakamani Nanyuki.

Nani aliwasha? Kila moto una jibu lake, na ni haki lidaiwe. Lakini swali la nani aliwasha ni nusu tu. Nusu ya pili ni nani aliuandalia chakula. Katika moto wote huo mtiririko ni uleule: mvua nzuri, nyasi nyingi, kiangazi, upepo. Sisi husherehekea mvua kisha tukasahau kwamba kila inchi ya nyasi isiyoliwa ni deni litakalodaiwa Februari.

Mikono ya kwanza

Kabla ya kuwa na idara ya misitu, nyasi za nchi hii zilikuwa na wenyewe. Wamaasai na Wasamburu walipandisha mifugo milimani wakati wa kiangazi na kuishusha mvua iliponyesha. Ng'ombe walikula kile ambacho moto ungekula. Wafugaji wa Afrika Mashariki pia walichoma nyasi kwa makusudi, vipande vipande, ili kuondoa nyasi nzee, kuua kupe na kuzuia vichaka visiteke malisho. Moto mdogo wa leo uliunyima chakula moto mkubwa wa kesho.

Mukogodo walikuwepo Wayaaku, wawindaji na warina asali ambao lugha yao ya Kikushi sasa iko hatarini kupotea kwa kuwa wengi wao walihamia Kimaasai. Mrina asali hutembea na moto mkononi; bila moshi nyuki hawampi kitu. Lakini hakuna mtu mwenye sababu kubwa kuliko yeye ya kuuogopa moto huo, maana mti ukiungua, maua, mzinga na riziki vyote vimekwenda naye.

Mwerezi wenyewe ni shahidi. Mche wake hauoti vizuri chini ya kivuli kizito. Hupenda mahali palipofunguka, na mara nyingi palipofunguliwa na moto. Maana yake ni kwamba misitu ya mwerezi tunayotaka kuizungushia ua ili isiguswe ilizaliwa na mguso. Moto ulikuwa sehemu ya historia yake muda mrefu kabla mtu yeyote hajaandika neno "hifadhi" kwenye ramani.

Waborana wa Waso, upande wetu wa chini, walikuwa na utaratibu wao uitwao dedha. Wazee wa dedha ndio walioamua eneo gani liliwe wakati wa mvua, lipi wakati wa kiangazi, lipi lifungwe mpaka ukame mkali. Msemo kwamba mfugaji hufuata tu mkia wa ng'ombe wake popote uendako haukutoka kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha dedha.

Mji uliojengwa kuwa lango

Idara ya Misitu ilianzishwa 1902. Maofisa wa misitu wa dola ya Waingereza walikuwa na elimu iliyotokana kwa kiasi kikubwa na India na Burma, nayo ilimhesabu mwenyeji mwenye moto kuwa mhalifu na mwenye mbuzi kuwa msiba. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Marekani ilikuwa ikifikia imani hiyohiyo kwa njia yake. Agosti 1910 moto uliteketeza takriban ekari milioni tatu huko Idaho na Montana kwa siku mbili hivi. Idara yao ya misitu ikaapa kuzima kila moto. Ilipofika 1935 amri ilikuwa kwamba moto ukionekana leo, uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya kesho. Huko California, sheria ya 1850 ilikuwa tayari imewawekea adhabu wenyeji asilia waliochoma nyasi kama babu zao. Misitu ikajazana miaka mia moja. Tarehe 8 Novemba 2018 mji wa Paradise, uliokuwa katikati ya misonobari ya milimani, uliteketea na watu 85 wakafa. Leo Wamarekani wanatumia pesa nyingi kupunguza miti pembeni mwa miji ya milimani, na baadhi ya makabila yaliyokatazwa kuchoma yanaombwa kufundisha namna ya kuchoma.

Kwetu mikono ilitolewa kwa awamu.

Awamu ya kwanza ilikuwa mkataba wa 1911, uliowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia ili ardhi iwe ya masetla. Mifugo iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa majira ikapelekwa kusini, na nyua za waya zikafuata.

Awamu ya pili inatuhusu sisi wa Isiolo moja kwa moja. Tunapenda kusema mji wetu ni lango la kaskazini. Sawa, lakini lango hufungwa pia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Isiolo ilikua kama mahali walipopewa makazi Wasomali waliopigania Mwingereza, na kama karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walizuiwa hapa, wakakaguliwa sotoka na homa ya mapafu, kabla ya kuruhusiwa kuuzwa upande wa kusini. Magonjwa yalikuwa ya kweli. Lakini karantini ilifanya kazi nyingine pia: ilichora mstari kati ya ng'ombe wetu na nyasi za mlima. Kufuata majira kukavuka mpaka na kuwa kosa.

Awamu ya tatu ilikuwa msitu wenyewe. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya serikali 1932, na kilele kikawa mbuga ya taifa 1949. Kuchoma nyasi bila ruhusa kukawa hatia. Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, bado imo kwenye vitabu vyetu.

Hapa wakoloni wakakuta kitu ambacho hawakukitarajia. Ukiwatoa watu msituni, kazi ya msitu haitoki nao. Ndiyo sababu, kuanzia karibu 1910, walikuwa wameleta mfumo wa shamba walioujua kutoka Burma. Familia ilipewa kipande cha msitu uliokatwa, ikalima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali kwa miaka michache, ikapalilia vyote viwili, kisha ikahamishiwa kipande kingine. Waliishi humohumo na kufanya kazi ya idara. Moto ukizuka, zimamoto walikuwa wao. Serikali iliyokuwa ikisema watu ni adui wa msitu ilikuwa imewajaza watu msituni, kwa masharti yake na kwa mshahara mdogo.

Kufyeka kwa sababu nyingine

Mwaka 1953 serikali ya mkoloni iligundua ghafla kwamba inaweza kufyeka. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikatangazwa maeneo yaliyopigwa marufuku, na ukingoni mwake ukatengwa ukanda wa upana wa maili moja ambamo Mwafrika angeweza kupigwa risasi. Kando ya Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa takriban maili 50, ukatiwa vigingi vilivyochongwa, ili Mau Mau wasitoke kutafuta chakula na wananchi wasiingie kukipeleka. Waliochimba na kufyeka ni wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwa wengi, kwa kazi ya kulazimishwa.

Nimeiweka sehemu hii kwa sababu kuna watu watakaoisoma makala hii wakidhani kupunguza msitu ni jambo zuri siku zote. Hapana. Jembe lile lile linalokata njia ya moto linaweza kukata njia ya chakula. Kabla ya kuuliza msitu umepunguzwa kiasi gani, uliza kwanza nani ameamua, na nani amelazimishwa.

Uhuru haukuirudisha mikono. Huku kwetu ulikuja na hali ya hatari, Desemba 1963, na vita vya shifta vilivyoendelea hadi 1967. Watu walikusanywa kambini, mifugo mingi ikauawa au kutwaliwa, na familia zilizokuwa na mamia ya ng'ombe zikaanza upya mjini. Mtu asiye na ng'ombe hawezi kukaa kwenye kikao cha malisho. Dedha ilibaki, lakini sauti yake ilipungua mbele ya chifu na ofisa wa wilaya.

Ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka walipata somo lingine. Miaka ya 1970 serikali ya Ethiopia iliwakataza Waborana wa huko kuchoma nyasi. Katika miongo iliyofuata vichaka vya miiba vilienea kwenye malisho yaliyokuwa wazi. Waliokataza walitaka kuiokoa nchi ya nyasi, na nyasi ndizo zilizopotea.

Marufuku juu ya marufuku

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kenya iliupiga marufuku mfumo wa shamba na kuwatoa familia za wafanyakazi misituni. Kulikuwa na sababu. Watu walikuwa wamepewa vipande kwa ukoo na kwa chama, miche ilikuwa inang'olewa kwa siri ili shamba lisifungwe, na ardhi ya msitu ilianza kugeuka mali ya wakubwa. Lakini tiba ikawa ileile ya zamani: toa watu wote.

Ukienda kwenye mashamba ya miti ya serikali utaelewa matokeo. Misaiprasi hupandwa takriban 1,600 kwa hekta, ikibanana makusudi ili inyooke. Mpango ni kwamba ikikua itapogolewa na kupunguzwa, mara moja, mara mbili, mpaka ibaki michache minene. Bila kupunguzwa inabaki fito nyembamba zenye matawi makavu tangu chini mpaka juu. Ngazi kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uvunaji ulisimamishwa, ukaachiwa kampuni chache. Februari 2018 ukasimamishwa tena, kwanza kwa siku 90, kisha ukaongezwa na kuongezwa hadi rais alipotangaza kuondolewa kwake Julai 2023. Sababu ya 2018 ilikuwa ya kweli: wizi wa miti ya asili ulikuwa umekithiri. Ila marufuku ya jumla haitofautishi mwizi wa mwerezi wa miaka mia mbili na kijana wa kijijini anayelipwa kwa siku kupogoa msaiprasi. Wote wawili waliambiwa watoke. Mwizi, kama mjuavyo, ana njia nyingine za kuingia.

Kuna habari njema katikati ya hizi. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, iliruhusu jamii zinazopakana na msitu kuunda vyama na kupewa haki ya kuutumia: asali, dawa, kuni, kukata nyasi, kulisha mifugo. Mfumo wa shamba nao ukarudi kwa jina jipya na masharti mapya. Ngare Ndare ni mfano wa karibu nasi. Tangu 2004 kuna shirika la kijamii linalousimamia msitu huo pamoja na jamii zilizouzunguka, Wameru upande mmoja, Wamaasai wa Leparua upande mwingine. Mwaka 2013 msitu huo pamoja na Lewa uliongezwa kwenye Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya. Msitu wenye watu ukahesabika kuwa urithi, na dunia haikuanguka.

Kazi moja, majina matatu

Turudi kwa swali la rafiki yangu, na nimpe haki yake. Ana hofu ya maana. Anajua makaa yanavyotengenezwa. Anajua "kuokota kuni kavu" kunaweza kuwa jina la adabu la kukata mti mbichi na kusubiri ukauke. Anajua mifugo ikizidi, nyasi huisha kabisa, udongo ukabaki uchi, na hapo hakuna moto kwa sababu hakuna kitu. Tena si kila msitu unaohitaji kupunguzwa. Ule wa juu, wenye mianzi na ukungu, unyevu wake ndio ulinzi wake. Ukiufungua, jua na upepo vinaingia, nao unakauka. Kilimanjaro ni onyo: moto wa mara kwa mara umeushusha ukingo wa juu wa msitu, na mlima umepoteza miti iliyokuwa ikikamua maji kutoka kwenye mawingu.

Yote hayo ni kweli, na yote yanahitaji mtu aliyepo. Kujua msitu upi upunguzwe na upi uachwe, ng'ombe wangapi, kwa wiki ngapi, wapi, lini watoke, hakuwezekani kutoka ofisini Nairobi wala kwa tangazo la nchi nzima. Dedha ilikuwa hasa chombo cha maswali hayo. Chama cha msitu kinachofanya kazi vizuri ni chombo hichohicho chenye muhuri.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyoipa kazi moja majina matatu. Mwanamke wa Leparua akiingia msituni bila karatasi na kutoka na mzigo wa matawi makavu, huo ni uharibifu wa msitu, na anaweza kushtakiwa. Akilipa ada na kupata kibali, ni matumizi, na anapaswa kushukuru. Shirika likija na mradi, magari na wataalamu, likaondoa matawi yaleyale makavu, hiyo ni huduma kwa tabianchi na watu wanalipwa vizuri. Matawi hayajui tofauti. Moto pia haujui.

Na siku moto unapokuja, karatasi husahaulika. Ukiangalia picha za moto wowote wa mlima huu utawaona: marenja wachache wenye sare, na nyuma yao msururu wa wanakijiji wenye matawi mabichi, mapanga na madebe. Hakuna anayewauliza kibali. Wanapanda kwa miguu usiku, kwenye baridi, kuzima moto uliolishwa na nyasi ambazo Desemba walikatazwa kulisha.

Kwa hiyo sina shida na likizo ya kupanda miti. Nitapanda tena. Ila bajeti ya misitu ikisomwa, tusihesabu miche tu. Tuulize ni kilomita ngapi za njia za moto zilizofyekwa kabla ya Januari, ni nani aliyezifyeka na alilipwa ngapi. Tuulize ni vyama vingapi vya msitu vimepewa mkataba unaotekelezwa, na vingapi vimepewa cheti cha kutundika ukutani. Tuulize kama mchungaji wa Leparua au Mukogodo ana kiti kwenye mkutano unaoamua nyasi za mlima ziliwe lini.

Mvua nzuri itakuja tena. Ikija, sote tutafurahi, na Ewaso Nyiro itajaa. Wiki chache baadaye nyasi zitafika magotini, kisha kiunoni. Huo ndio wakati wa kuitisha mkutano, kabla hazijageuka rangi.